Stoo inakosea kila mwezi: turekebishe programu au tuwafunze watu?

Ndugu washauri,

Salamu. Nasimamia kitengo cha stoo chenye vituo sita na watumiaji 38 wa programu moja ya kupokea na kutoa bidhaa. Programu hii tumeitumia mwaka mmoja na miezi minne. Kila mwisho wa mwezi tukihesabu mali, salio la kwenye skrini halilingani na lililoko rafuni, na tukifuatilia tunakuta makosa ni yale yale.

Mzigo wa katoni 24 umeingizwa kama pisi 24. Tarehe 3 Aprili imehifadhiwa kama 4 Machi. Mzigo uliofika saa mbili na robo asubuhi umeandikwa 2:15, na ripoti inaonyesha stoo ilifunguliwa usiku wa manane. Namba ya bidhaa ina tarakimu tano; mtu akipishanisha mbili, mara nyingine namba inayotokea ni ya bidhaa nyingine kabisa, na programu inaipokea bila neno. Bidhaa moja imesajiliwa mara tatu kwa sababu kila aliyeitafuta kwa jina aliikosa, akaamua kuianzisha upya. Na kitufe cha Futa kiko kando ya Hifadhi, kwa hiyo kuna rekodi zilizopotea ambazo hakuna anayekiri kuzifuta.

Mafundi waliotutengenezea programu wanasema haina hitilafu: inafanya kile inachoambiwa, na wanaoiambia vibaya ni watu wetu. Wanaongeza kwamba wakilainisha kila kitu watu watabweteka. Watumiaji nao wanasema skrini imekaa kama mtego. Mkurugenzi anaelekea kwenye semina ya siku tatu kwa wote, na baada ya hapo jina la kila atakayekosea libandikwe ubaoni.

Bajeti inatosha kimoja tu: semina hiyo, au siku 15 za kazi ya fundi. Fundi amejitolea kuongeza bure ujumbe wa "Una uhakika?" katika kila hatua, na visanduku vyote viwe vya lazima kujazwa. Tuchague lipi?

Msimamizi, kati ya pande mbili

*

Ndugu Msimamizi,

Zawadi ya fundi ikatae kwa adabu, na sababu tutazitoa huko mbele. Siku 15 zichukue. Semina ya siku tatu iache, ila mafunzo yenyewe usiyaache. Yatafanyika kwa namna nyingine ambayo haihitaji ukumbi.

Pande zako mbili zinabishana kwa sababu neno "kosa" limebeba vitu viwili tofauti. Kuna kuteleza na kuna kutojua. Anayeteleza anajua vizuri kabisa kwamba mzigo ni katoni 24. Mkono umeandika 24, jicho halikuona kwamba kizio kilichokuwa kimechaguliwa tayari ni pisi. Mkalishe semina siku tatu, atatoka na kile kile alichoingia nacho, maana alikuwa anakijua. Asiyejua ni yule anayeandika mzigo uliotoka kituo kingine kama "kupokea" badala ya "kuhamisha", kwa kuwa hajaelewa kwamba kupokea kunaongeza mali ya kitengo kizima na kuhamisha hakuongezi kitu. Huyo hata umtengenezee skrini nzuri namna gani atabofya kisicho chake kwa utulivu na kujiamini. Dawa ya wa kwanza iko kwenye skrini, dawa ya wa pili iko kwenye mafunzo, na ukizibadilishana unapoteza fedha mara mbili.

Mfano wa zamani unaotajwa sana kwenye fani ya kubuni vifaa vinavyotumiwa na watu ni wa marubani wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege zilikuwa zikishatua salama, rubani anakusudia kukunja mabapa ya mabawa (vile vipande vinavyoshushwa wakati wa kutua), anakunja magurudumu, ndege inalala kwa tumbo. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alilitazama jambo hilo akaona kwamba katika ndege zilizoathirika, B-17 ikiwa mojawapo, swichi hizo mbili zilikuwa jirani na zinafanana. Katika C-47, ambayo mpangilio wake ulikuwa tofauti, tatizo hilo halikuwepo. Suluhisho likawa kuweka kitu chenye umbo la gurudumu kwenye mshikio wa magurudumu na chenye umbo la kabari kwenye ule wa mabapa, mkono ujue umeshika nini hata jicho likiwa kwingine. Watu hao hawakukosa mafunzo. Maumbo hayo mawili yangali yanatakiwa na kanuni za ndege za abiria. Ukimaliza kusoma hapa, kaangalie tena Futa na Hifadhi zako.

Sasa, usitugeukie kwamba tumeshahukumu bila ushahidi. Kabla fundi hajagusa chochote, fungua daftari la makosa kwa wiki mbili. Safu tano zinatosha: kisanduku gani, kilichoandikwa, kilichokusudiwa, mwandishi ana muda gani kazini, na kosa liligunduliwaje. Usiweke jina. Mwisho wa wiki mbili panga kwa kisanduku, kisha tazama safu ya nne. Kosa linalofanywa na wageni na wazoefu sawasawa ni la skrini. Linalofanywa na wageni tu na kuisha baada ya wiki chache ni la mafunzo. Kuna aina ya tatu ambayo watu huisahau: kosa linalofanywa na kituo kimoja kizima na vituo vingine havina. Hapo karibu kila mara kuna mtu aliyewafundisha wenzake njia ya mkato, au kazi ya kituo hicho ina kitu ambacho programu haikukifikiria. Nenda ukakae nao nusu siku, uone wanavyofanya.

Kwa maelezo yako, makosa yote sita uliyoyataja yana sura ya kuteleza. Twende moja moja, ila hayana uzito sawa.

Kiasi na kizio ndicho kinachoharibu salio lako, kwa hiyo hapo usibane matumizi. Mwambie fundi aondoe kizio kinachojichagua chenyewe. Kizio kilichojazwa tayari hakisomwi. Jicho linakipita kama kilivyo. Mtumiaji aandike 24, kisha achague katoni au pisi, na hapo hapo chini ya kisanduku programu ionyeshe hesabu nzima: "Katoni 24 × pisi 48 = pisi 1,152. Salio litatoka 158 na kuwa 1,310." Aliyekosea kizio ataona "salio litakuwa 182" huku akitazama rundo la katoni miguuni pake, na atashtuka mwenyewe. Mstari huo mmoja una kazi kuliko onyo lolote, kwa sababu haumuulizi mtu kama ana uhakika. Unamwonyesha matokeo ayalinganishe na kile kilicho mbele yake.

Juu ya hapo weka kikomo cha kushangaa. Kwa kila bidhaa, programu ichukue mzigo mkubwa kuliko yote wa miezi 12 iliyopita, na kiasi kikizidi mara mbili yake, mtumiaji aandike kiasi upya kwa mkono katika kisanduku kitupu. Asibofye "Sawa", aandike. Kisha ufuatilie kikomo hicho kinaruka mara ngapi. Kikiruka zaidi ya mara moja katika maingizo 50 hivi, kipanue, la sivyo ndani ya mwezi watakuwa wanaandika upya namba ile ile bila kufikiri.

Hapa ndipo tunapokataa zawadi ya "Una uhakika?". Swali linaloulizwa kila hatua hujibiwa na kidole. Tarehe 8 Desemba 2005 kampuni ya hisa ya Mizuho huko Japani ilikusudia kuuza hisa moja ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Ikaingizwa oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni moja. Hisa hizo ni nyingi kuliko zote zilizokuwepo za kampuni hiyo. Onyo lilitokea kwenye skrini, likapitwa. Walipojaribu kufuta oda, mfumo wa soko la hisa ukashindwa kuifuta, na hasara ikaenda kwenye makumi ya mabilioni ya yeni. Tazama makosa mawili yaliyomo humo: onyo lililozoeleka hadi halionekani, na njia ya kurudi nyuma isiyofanya kazi. La pili ndilo baya zaidi.

Na kuongeza watu wa kuidhinisha hakuzibi pengo la skrini mbovu. Agosti 2020 benki ya Citibank ilitaka kulipa riba ya mkopo wa kampuni ya Revlon. Ikatuma karibu dola milioni 900 ikiwa ni pamoja na mtaji wote wa mkopo. Ili mtaji usitoke nje, ilibidi visanduku vitatu vitiwe tiki. Kilitiwa kimoja tu, kile chenye jina lililoonekana kuhusika. Watu watatu walipitia malipo hayo na wote watatu waliamini wamefanya sawa, kwa sababu skrini iliwadanganya kwa namna ile ile. Mkurugenzi akikuambia "basi tuongeze sahihi ya msimamizi", mkumbushe hilo.

Badala ya kuuliza kabla, ruhusu kurudi baada. Kufuta kusiwe kufuta: rekodi iwekewe alama ya kuondolewa, ipotee kwenye orodha, ikae siku 30 ikiweza kurudishwa, na jina la kituo na saa vibaki. Mara tu baada ya kubofya, ujumbe mdogo ukae chini ya skrini sekunde 10: "Rekodi imeondolewa. Tendua." Mtu anayeteleza kwa kawaida anatambua papo hapo, mkono ukiwa bado uko kwenye kitufe, mpe mlango wa kutokea wakati huo huo. Kwa rekodi ambazo mwezi wake umeshafungwa, kusiwe na kufuta kabisa, bali ingizo la kurekebisha linaloonekana, lenye kiasi cha kinyume na sababu. Wahasibu wa leja za karatasi walikuwa wakifanya hivyo kabla kompyuta hazijawepo. Na Futa ihamishiwe upande wa pili wa skrini, iwe na rangi na umbo tofauti. Hiyo ni kazi ya dakika 20, isikubaliwe kuhesabiwa siku nzima.

Namba za bidhaa zina dawa iliyojulikana muda mrefu: tarakimu ya kuhakiki, yaani tarakimu ya ziada mwishoni inayokokotolewa kutoka kwa zilizotangulia. Njia inayotumika sana ni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyeomba hataza yake mwaka 1954, na ndiyo iliyoko kwenye kadi za benki. Chukua namba yenu, tuseme 58314. Kuanzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ruka ya pili, zidisha ya tatu, ruka ya nne, zidisha ya tano. Zao likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Utapata 8, 1, 6, 8 na 1 (kwa kuwa 5 mara mbili ni 10, na 1 na 0 ni 1). Jumla ni 24. Kinachokosekana kufika 30 ni 6, basi namba kamili inakuwa 583146. Mtu akipishanisha 3 na 1 akaandika 581346, hesabu ya 58134 inatoa jumla ya 22, tarakimu ya mwisho ingepaswa kuwa 8, na programu inagundua papo hapo.

Njia ya Luhn hukamata kila kosa la tarakimu moja na karibu kila kupishana kwa tarakimu jirani, isipokuwa 09 na 90, ambazo kwake ni kitu kimoja. Ikiwa zaidi ya nusu ya namba zenu zina 0 na 9 zikiwa jirani, fundi atumie njia ya Verhoeff ya mwaka 1969, inayokamata na hizo pia. Hesabu yake haifanyiki kichwani, lakini kompyuta haijali. Tahadhari moja: msibadilishe namba za zamani. Ongezeni tarakimu ya sita mwishoni, chapisheni lebo upya rafu kwa rafu, na kwa mwezi mmoja programu ipokee namba ya tarakimu tano pia huku ikionyesha jina la bidhaa kwa herufi kubwa.

Tarehe ni ndogo lakini ina mtego wa aina yake. Fundi anaweza kukuambia "tutaifanya programu iwe na akili: ikiona 13/4 itajua 13 ni siku, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13". Usikubali. Programu iliyopangwa kusoma mwezi kwanza, ikapewa akili hiyo, itaisoma 13/4 kuwa 13 Aprili na 3/4 kuwa 4 Machi. Siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zitaharibika (isipokuwa ile moja ambayo siku na mwezi zinalingana) na zilizobaki zitakuwa sawa, kwa hiyo ukizijaribu tarehe chache za mwisho wa mwezi utaona kila kitu ni shwari. Afadhali programu inayokosea daima kuliko inayokosea mara moja moja. Kinachotakiwa ni kidogo tu: mtu akiandika 3/4, pembeni yaandikwe maneno "3 Aprili 2025, Alhamisi". Tarehe ya kupokea isiruhusiwe kuwa ya kesho. Ikiwa ya zaidi ya siku 30 nyuma, iombwe sababu. Ndani ya hifadhidata na kwenye mafaili yanayotumwa, tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku, 2025-04-03, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyosema tangu 1988.

Ya saa hii tuliipenda, kwa sababu hapo aliyekosea si mtumiaji hata kidogo. Anayefikiri kwa Kiswahili anahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa mbili na robo kwake ni 2:15, na amesema kweli. Programu ndiyo inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Ukimfundisha aongeze sita, utakuwa umempa mtu hesabu ya kufanya mara 40 kwa siku huku lori linapiga honi, na atakosea. Saa ichukuliwe na kompyuta yenyewe. Pale inapobidi kuibadilisha, chaguo liandikwe kwa maneno: "asubuhi, saa 2 na dakika 15", na 08:15 iwe kwa maandishi madogo pembeni.

Utafutaji wa majina. Muulize fundi jambo moja: programu inaonaje neno ng'ombe? Kibodi ya kompyuta kwa kawaida huweka kistari kilichonyooka ('), baadhi ya simu na programu za kuandikia barua hukigeuza kikapinda (’), na kuna wanaoandika kwa alama ya nukuu ya kufungulia (‘). Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa hifadhidata ni herufi tatu tofauti, na "ngozi ya ng'ombe" inakuwa bidhaa tatu. Ongeza nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno, nafasi mbili katikati, herufi kubwa na ndogo, na hapo umeshapata nakala zako zote. Programu ihifadhi jina kama lilivyoandikwa, lakini kando iweke nakala ya kutafutia: herufi ndogo zote, vistari vya aina zote viwe kimoja, nafasi za ziada ziondolewe. Utafutaji utumie nakala hiyo. Na kabla ya kuruhusu bidhaa mpya kusajiliwa, skrini ionyeshe majina matano yanayokaribiana. Msisitizo uko kwenye "ionyeshe". Isichague.

Hapo tumefika kwenye hoja ya mafundi wako ya kubweteka, ambayo ina ukweli ndani yake, ila wameiweka mahali pasipo pake. Programu inayosamehe umbo inasaidia: nafasi katikati ya namba ya simu, herufi ndogo badala ya kubwa, mkato wa maelfu. Hayo mtu asiulizwe kabisa, yanyooshwe kimya kimya. Programu inayokisia maana ni balaa. Watafiti wa jeni wana jeni iliyokuwa ikiitwa MARCH1; ukiiandika kwenye Excel inageuka tarehe, 1 Machi, bila kuuliza, na jina la asili linapotea. Miaka ilipita orodha za tafiti zikichapishwa na tarehe mahali pa jeni. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba 27 zimebadilishwa majina, MARCH1 ikawa MARCHF1. Wataalamu wa fani nzima walijua tatizo, walionyana, walifundishana, na bado wakakosea, mpaka ikawa rahisi kubadili lugha ya sayansi kuliko kuizoea programu.

Palipo na hatari halisi ya kubweteka ni kati ya programu na programu. Jon Postel, mmoja wa waliojenga intaneti, aliandika mwaka 1980 kanuni ya kuwa makini katika unachotuma na mvumilivu katika unachopokea. Ilisaidia mitandao kuungana, lakini upande wa kurasa za wavuti vivinjari vilivumilia kurasa mbovu kiasi kwamba waandishi hawakuona haja ya kuzinyoosha, na kila kivinjari kipya kikalazimika kuiga uvumilivu wa waliotangulia. Kwa hiyo kama kuna kituo kinachowatumia faili la mizigo lililotolewa na mfumo mwingine, hapo muwe wakali: mstari mmoja ukiwa mbovu, faili zima likataliwe, na jibu litaje namba ya mstari na kisanduku. Mashine haichoki kurekebishwa.

Kwa binadamu ukali huzaa uongo. Ndiyo sababu visanduku vyote kuwa vya lazima hatukutaki. Mtu aliye mlangoni na mzigo ambao hati yake haina namba ya kundi, akikuta kisanduku kinachokataa kubaki kitupu, ataandika 0, au xxx, au 1/1/2000, kwa sababu mzigo lazima uingie. Kitupu kingekuambia "haijulikani". 0 inakuambia uongo wenye sura ya ukweli, na hutaitambua miezi sita baadaye. Jaribu leo hii: kwa kila kisanduku cha lazima mlichonacho tayari, toa orodha ya majibu kumi yanayojirudia zaidi. Ukikuta kistari, nukta au tarehe ya mwanzo wa mwaka iko juu ya orodha, kisanduku hicho kinazalisha takataka. Weka chaguo la kuhifadhi kama rasimu, mzigo uingie, na kilichopungua kikae kwenye orodha ya "vinavyosubiri" inayofunguka kila asubuhi.

Kwa siku 15, makadirio yetu ni haya: kiasi na kizio siku 3, kufuta na kutendua 4, tarakimu ya kuhakiki 3, utafutaji 2, tarehe na saa 1, maneno ya ujumbe 1, na 1 ya majaribio akikaa stoo na watumiaji wawili wazoefu na mmoja mgeni. Zikipungua, acheni tarakimu ya kuhakiki ibaki awamu ya pili, kutendua kusiguswe. Kuhusu ujumbe, "Ingizo batili" ifutwe popote ilipo. Ujumbe useme nini kimekataliwa, kwa nini, na afanyeje: "Hakuna bidhaa yenye namba 581346. Huenda tarakimu mbili zimepishana. Iliyo karibu ni 583146. Bofya kuitumia, au andika upya." Na alichokuwa ameandika kibaki kwenye kisanduku. Kumfutia mtu fomu nzima kwa sababu ya tarakimu moja ni ukatili tu, hauna jina jingine.

Mafunzo sasa. Yafanyike kituoni, dakika 90, kisha dakika 90 nyingine baada ya wiki moja. Yasifundishe vitufe. Yafundishe mambo ambayo skrini haiwezi kuyaonyesha: tofauti ya kupokea, kuhamisha na kurekebisha; nini kifanyike hati ikisema 50 na ulichohesabu ni 48 (andika 48, tofauti iende kwenye maelezo, kamwe usiandike 50 "ili hati ifungike"); na kwa nini kuhesabu mali kunafanywa bila kutazama salio la skrini kwanza. Tumieni nakala ya mazoezi ya programu, yenye bidhaa zenu halisi, lakini utepe wa juu uwe na rangi tofauti kabisa, maana kuna watu wataingiza mzigo wa kweli kwenye mazoezi. Mifano itoke kwenye daftari lako la makosa. Mgeni akianza kazi, maingizo yake 30 ya kwanza yapitiwe na mwenzake siku ile ile, si mwisho wa mwezi.

Limebaki la ubao. Mwambie mkurugenzi kwamba daftari la makosa linajazwa na watu wanaojitaja wenyewe au wanaotaja kilichotokea mezani kwao, na hakuna chanzo kingine cha taarifa hizo. Jina la kwanza likipanda ubaoni, maingizo ya daftari yataanza kupungua wiki hiyo hiyo, naye atadhani ubao umefanya kazi. Kama lazima kitu kibandikwe, bandika idadi ya makosa kwa kisanduku: kiasi 14, tarehe 6, namba 9. Mwezi unaofuata fundi akiwa amemaliza kizio, kila mtu ataona ni namba ipi imeshuka na ipi imegoma, na iliyogoma ndiyo utakayoanza nayo ukipata siku nyingine za fundi.

Meza ya Ushauri